Gunia la kwanza lilisoma sifuri

Saa moja na nusu asubuhi, soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Magunia ya dagaa wakavu yanapanda mizani moja moja kabla ya kwenda kwenye lori. Mbebaji anatua gunia, namba inacheza kidogo kisha inatulia, kompyuta inaichukua kwa programu tuliyoitengeneza ofisini kwetu, gunia linaondoka na jingine linatua. Kompyuta yenyewe tumeivalisha mfuko wa nailoni, maana vumbi la dagaa likishaingia kwenye kibodi halitoki. Pembeni, juu ya ndoo iliyogeuzwa, amekaa karani wa mzigo, mama wa makamo mwenye daftari alilokuwa nalo kabla programu yetu haijaandikwa. Anachora vijiti, vinne vinasimama na cha tano kinavikata, na mkabala na kila kijiti anaandika kilo.

Siku hiyo lilikuja Fuso, lori kubwa. Wiki tatu za majaribio tulikuwa tumepima mizigo ya Canter tu, malori madogo, na mambo yalikwenda vizuri hadi tukaanza kujisifu. Mzigo ulipofika magunia sabini hivi, mama akaniita.

"Mwanangu, mashine yako inasema gunia la kwanza halina kitu."

"Haiwezekani, mama."

"Njoo uone mwenyewe. La pili ndiyo kabisa, sijui hata kama hizi ni kilo au ni namba ya simu."

Nikaenda nikaona. Gunia la 1: sifuri nukta sifuri sifuri. Gunia la 2: mkururo wa tarakimu usio na kichwa wala miguu. Kuanzia la 3 hadi la 64, kila namba ilikuwa sawa na daftari lake, pointi kwa pointi. Mnunuzi naye akasogea. Sokoni sifuri haiitwi hitilafu ya programu, inaitwa wizi, na kwa dakika kumi hivi mimi ndiye niliyekuwa nikitazamwa. Daftari ndilo lililoniokoa.

Programu ile ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya C++ na kijana aliyekuwa ofisini kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Niliipitia mimi na kuipitisha mimi, kwa hiyo lawama si yake peke yake. Kosa lenyewe lilikuwa kwenye mistari hii mitatu:

std::vector<double> mizigo;
mizigo.reserve(64);
double* p = mizigo.data();

Ukimwonyesha mtu anayeijua lugha hii, atakwambia hakuna kosa hapo. Na kweli, ukiitazama mistari hiyo peke yake, halipo. Kosa liko kwenye muda uliopita kati ya mstari wa tatu na asubuhi ile. Nimeandika makala haya kwa sababu naona tunafundishana pointa, yaani anwani ya kitu kwenye memori ya kompyuta, kwa nusu. Tunafundisha iko wapi. Hatufundishi itaendelea kuwa kweli mpaka lini.

Nianze na neno lenyewe. Waandishi wa programu huita vitu kama vekta, ile orodha inayokua kadiri unavyoiongezea, "makontena", na kwa mtu wa Mwanza neno hilo linaleta picha ya lile boksi la chuma lililokatwa dirisha na kugeuzwa duka la vocha. Picha hiyo inapotosha. Kontena la chuma likishawekwa mahali halihami, mwenye duka anaweza kukupa maelekezo leo na ukayatumia mwakani. Vekta inahama. Inafanana zaidi na familia iliyopanga vyumba vya safu kule Igogo au Mabatini, na familia yenyewe ina sharti moja gumu: lazima vyumba vyao vifuatane, mlango kwa mlango, asiingie mtu baki katikati. Wakiwa wanne na safu ina vyumba vinne, hakuna shida. Akizaliwa wa tano na chumba kinachofuata kina mtu mwingine, hawamsukumi yule jirani. Wanatafuta safu nyingine yenye nafasi, wanahamisha godoro zote, na ile ya zamani wanamrudishia dalali.

Dalali kwenye kompyuta ni ile sehemu ya mfumo inayogawa memori. Ukiomba anakupa, ukirudisha anapokea, na kazi yake nyingine yote ni kujua vyumba vipi viko wazi.

Pointa ni karatasi uliyoandikiwa namba ya mlango. Fanksheni ya data() inakupa namba ya mlango wa kwanza wa familia, na kwa kuwa vyumba vinafuatana, ukijua wa kwanza unawajua wote. Jumlisha moja unapata wa pili, jumlisha mbili wa tatu. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Lakini familia ikihama, karatasi iliyo mfukoni mwako haijiandiki upya. Hakuna atakayekupigia simu. Utakwenda kugonga mlango uleule, na mlango utakuwepo, ndilo tatizo lenyewe.

Sasa turudi kwa lile gunia. Kijana alitenga nafasi ya magunia 64 kwa reserve, akachukua pointa, akaipa sehemu inayochora orodha kwenye skrini ili isome kupitia hapo. Canter haikuwahi kufika 64. Fuso ilipoleta gunia la 65, vekta ikakosa nafasi, ikapanga safu mpya, ikanakili namba zote 64 kwenda huko na kumrudishia dalali ile ya zamani. Skrini ikaendelea kusoma safu ya zamani.

Na kwa nini kati ya hizo 64 ziliharibika namba mbili tu? Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu jibu lake linaeleza zaidi ya darasa zima la nadharia. Kompyuta ile inatumia Linux, na dalali wa memori wa Linux nyingi, yule wa maktaba ya glibc, ana daftari lake la vyumba vilivyo wazi. Hana ofisi ya kuliweka. Analiandika humohumo ndani ya vyumba vilivyorudishwa, kwenye kuta za mwanzo kabisa. Kipande kidogo cha memori kikirudishwa, anaandika baiti 8 zinazoonyesha kipande kingine kilicho wazi, halafu baiti 8 nyingine za alama yake ya kumsaidia kukamata mtu anayerudisha chumba kilekile mara mbili. Jumla baiti 16. Namba moja ya aina ya double, yenye desimali kama kilo zetu, ina baiti 8. Kwa hiyo maandishi ya dalali yalikaa sawasawa juu ya gunia la 1 na la 2. Yale ya kwanza, yakisomwa kama kilo, ni namba ndogo mno kiasi kwamba skrini iliiandika 0.00. Yale ya pili yalikuwa alama ya bahati nasibu, ndiyo ile namba ya simu ya mama karani. Kuta nyingine 62 hakuna aliyezigusa, na namba za kilo zilikuwa bado zimeandikwa pale pale.

Hizo 62 ndizo zinazonitisha. Kama dalali asingekuwa na tabia ya kuandika ukutani, magunia yote 64 ya kwanza yangeonekana sahihi. Tungefunga kazi, tungelipwa, na ubovu ungekaa miezi mpaka siku dalali atakapowapangisha wengine safu ile, pengine sehemu ya programu inayoshika majina ya wateja. Siku hiyo orodha ya kilo ingesoma herufi za majina ya watu kana kwamba ni uzito. Na kama kijana angekuwa anaandika kupitia pointa ile badala ya kusoma, tungekuwa tunabomoa nyumba ya mtu mwingine huku tukidhani tunapaka rangi ya kwetu.

Wapo watakaosema dawa ni rahisi: usiguse pointa, tumia kontena kama lilivyo. Nimewasikia sana hao, na wengi wao hawajawahi kuunganisha programu na kifaa kilicho mezani. Mizani yetu ilikuja na maktaba ya mtengenezaji, fungu la fanksheni zilizokwisha kuandikwa kwa lugha ya C, na C haijui vekta ni mdudu gani. Inataka vitu viwili: anwani ya mahali pa kumwaga baiti na idadi ya baiti zinazoweza kuingia. Hali ni hiyohiyo ukiuliza mfumo wa kompyuta wenyewe usome faili, ukipokea data kutoka kwenye mtandao, ukiipelekea hifadhidata ya SQLite picha iitunze, au ukipeleka namba kwenye kadi ya michoro. C imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na imekuwa bandari ya wote. Chombo chochote, kimeundwa kwa lugha yoyote, kikitaka kushusha mzigo kinafunga kamba kwenye gati lake. Huwezi kukwepa kutoa anwani.

Na waliotengeneza C++ walilijua hilo. Viwango vya kwanza vya lugha hiyo vilitoka mwaka 1998, na kwa kupitiwa tu havikuandika wazi kwamba vyumba vya vekta lazima vifuatane, ingawa kila mtu aliitengeneza hivyo. Marekebisho ya 2003 ndiyo yaliyoweka ahadi hiyo kwenye maandishi. Hata hapo namba ya mlango ulilazimika kuipata kwa ujanja wa kuandika &v[0], yaani "anwani ya mtu wa kwanza". Ujanja huo una shimo: vekta ikiwa tupu hakuna mtu wa kwanza, na kumuuliza anakaa wapi ni kosa ambalo lugha haikuahidi matokeo yake. Mwaka 2011 ikaja data(), ambayo unaweza kuiita hata kwa vekta tupu mradi usiende kufungua mlango utakaopewa. Bado nakutana na &v[0] kwenye kazi za watu, na kila nikiiona najua umri wa kitabu alichosomea.

Si kila kontena linakubali kutoboolewa hivyo. Vekta ya bool hubana majibu ya ndiyo na hapana biti kwa biti ili kuokoa nafasi, na biti moja haina anwani yake, kwa hiyo haina data(). Deque, kontena jingine la C++, nayo imegawanya watu wake kwenye nyumba kadhaa, mlango wa kwanza hauwezi kukuambia wa mia uko wapi. Lakini deque ina adabu ambayo vekta haina: ukiongeza mtu mwishoni au mwanzoni, waliokwishakaa hawahamishwi. Ukitaka kushika anwani ya mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu, hiyo inakufaa kuliko vekta, na sijui kwa nini watu wanaiogopa.

Turudi kwenye muda. Swali la lini hasa familia inahama halina jibu moja, na hilo ndilo linalofanya majaribio yetu yatudanganye. Ukianza na vekta tupu na kuongeza mmoja mmoja, maktaba ya GCC, kompaila (kigeuza msimbo kuwa programu) ya Linux nyingi, inaongeza nafasi maradufu kila inapojaa: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Ile ya Microsoft inaongeza nusu tu: 1, 2, 3, 4, 6, 9, 13, 19, 28, 42, 63, 94. Zote mbili ziko ndani ya sheria, kwa sababu sheria inataka tu gharama ya wastani ya kuongeza isipande kadiri vekta inavyokua. Matokeo yake, msimbo uleule, kwa mzigo wa magunia 64 uliojengwa bila reserve, kwa GCC unahama mara ya mwisho kwenye gunia la 33, na kwa Microsoft kwenye gunia la 64. Kijana anajaribu kwenye laptopu yake yenye Windows, yote sawa. Anapeleka Mwaloni kwenye Linux, vitu vinavunjika mahali pengine. Atailaumu kompyuta ya sokoni, atalaumu umeme, atalaumu vumbi la dagaa. Nimeyasikia yote matatu, la mwisho kutoka kinywani mwangu.

Kuongeza si sababu pekee ya kuhama. Ukimwingiza mtu katikati, anayekuwa nyuma yake anasogea hata kama nafasi ipo. Ukimtoa mmoja, waliofuata wanasogea mbele, na pointa yako inagonga mlango uleule lakini anatoka mtu mwingine. Ukiita clear, ya kuwatoa wote, nyumba inabaki lakini hakuna aliyemo kisheria. Ninayoipenda kuliko zote ni swap: vekta mbili zinabadilishana, hakuna godoro hata moja lililohamishwa, pointa zote bado ni halali, ila sasa zinamtambua baba mwingine.

Reserve nayo ina mtego wake ambao kila mwaka namkuta mtu ndani. Mtu anatenga nafasi ya 64, anachukua data(), anaipa maktaba ya mizani imwagie namba humo. Namba zinaingia kweli. Kisha anauliza idadi kwa size() na kuambiwa sifuri, anahisi analogwa. Hakulogwa. Reserve inalipa kodi ya vyumba, haiingizi wapangaji. Kwa sheria za lugha vyumba vile bado ni vitupu, na ulichokiandika humo hakihesabiki. Anayetaka wapangaji wawemo aite resize kabla ya kutoa anwani. (Na kwa kuwa waandishi wa programu wengine huita msimbo "kodi", sentensi yangu hapo juu inaweza kusomwa vibaya. Nilimaanisha ile ya mwenye nyumba.)

Stringi, kontena la maneno, inaleta balaa la aina yake. Neno fupi halipangiwi nyumba kabisa. Linakaa ndani ya mfuko wa stringi yenyewe, hadi herufi 15 kwenye maktaba ya GCC na 22 kwenye ile ya kompaila nyingine, Clang, kwa kompyuta za biti 64. Sasa ukihamisha vekta kwenda kwa mmiliki mwingine, pointa zake zinabaki halali, kwa sababu kilichobadilishwa ni hati ya nyumba tu. Ukihamisha stringi fupi, herufi zenyewe ndizo zinazonakiliwa kwenye mfuko mwingine, na pointa uliyokuwa nayo imebaki kwenye mfuko ulioachwa. Ukijaribu kwa jina refu kama "Kituo cha kupokelea mzigo" inafanya kazi. Ukijaribu kwa "Igombe" inavunjika. Mtu anaweza kuzeeka akitafuta kosa la namna hiyo.

Lugha imejaribu kutusaidia. Mwaka 2017 ilileta string_view kwa ajili ya maneno, na 2020 ikaleta span, kitu kidogo kinachobeba anwani pamoja na idadi, ili fanksheni isipokee pointa yatima isiyojua safu inaishia wapi. Ni hatua nzuri na ninaitumia kila siku. Lakini imetibu nusu ya ugonjwa, ile ya "wangapi". Nusu ya "mpaka lini" imebaki, na nathubutu kusema imeongezeka, kwa sababu span inaonekana nadhifu. Mtu akiona kinyota cha pointa anashtuka kidogo. Akiona span anadhani amepewa kontena, anaihifadhi ndani ya programu yake, anaondoka kwenda kula.

Waliothubutu kuandika muda ndani ya lugha ni watu wa lugha ya Rust, iliyotoka toleo la 1.0 Mei 2015. Kompaila yake inafuatilia nani ameazima nini. Maadamu kuna anayeangalia ndani ya vekta, hukubaliwi kuiongeza, na ukibisha programu haijengwi. Ile mistari mitatu ya kijana wetu, ikiandikwa kwa ukopo wa kawaida wa Rust, isingefika Mwaloni. Ingekwama mezani kwake. Ila ukishuka hadi kwenye pointa mbichi kwa ajili ya maktaba ya C, hata Rust inaachia kamba, na maelezo yake yanakuonya waziwazi kwamba vekta ikihama pointa imekufa. Gati ni lilelile.

Lugha ya Python, ambayo wengi huiona ya watoto, ilinishangaza kwa ukali wake hapa. Chukua bytearray, safu yake ya baiti, ifungulie memoryview, dirisha la kuichungulia, kisha jaribu kuiongeza ukubwa wakati dirisha bado liko wazi. Inakataa na kutupa BufferError, kwamba data hii bado imeshikwa na mtu mwingine, haiwezi kubadilishwa ukubwa. Inahesabu ni karatasi ngapi za anwani ziko mtaani na kumzuia mwenye nyumba asihame mpaka zirudi. Gharama yake ni hesabu moja ndogo. Ningependa sana vekta ya C++ iwe na uwezo huo hata kwa wakati wa majaribio tu.

Lugha ya Go imechagua njia ya upole, na mimi upole wake siupendi. Ukiita append ili kuongeza kitu na nafasi ikaisha, inatengeneza safu mpya kimya kimya, lakini ile ya zamani haibomolewi maadamu kuna anayeishika. Hakuna sifuri, hakuna namba ya simu. Unabaki na orodha mbili, zote zinasomeka, zote zinaonekana sahihi, na moja haipati habari mpya. Mama karani asingeniita. Angeona kilo za kweli kwenye skrini, isipokuwa ni za dakika kumi zilizopita. Watu wanasema Go ni salama, na kwa maana ya memori ni kweli, hakuna anayebomoa nyumba ya jirani. Kwa maana ya mnunuzi aliyesimama pale na pesa mkononi, sina hakika neno hilo linatosha.

Wanaodhani haya ni mambo ya soko la dagaa watazame juu kidogo. Mwaka 2019 wahandisi wa Microsoft walieleza kwamba kama asilimia 70 ya mianya ya usalama wanayoziba kila mwaka inatokana na memori kutumiwa vibaya. Mwaka uliofuata mradi wa Chromium, unaozaa kivinjari cha Chrome, ulitoa takwimu inayokaribia hiyohiyo kwa mianya yao mikubwa, na karibu nusu ya hiyo ilikuwa ya aina moja: kutumia memori iliyokwisha kurudishwa. Ndilo gunia letu la kwanza, ila kwenye kivinjari kilichoandikwa na watu wanaolipwa vizuri kuliko mimi. Mshambuliaji anachofanya ni kuwahi kupanga chumba kilichoachwa na kukusubiri ndani.

Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana kwamba alikuwa mzembe. Nilimuuliza shuleni alifundishwaje pointa, akanichorea kisanduku, mshale, kisanduku. Mtihani ulitaka aandike thamani ya *p, yaani kilichomo kwenye mlango wa pointa p, baada ya mstari wa saba. Karatasi ya mtihani ina sifa moja ambayo programu haina: kila kitu kimesimama. Hakuna mstari wa nane unaoongeza gunia la 65. Mimi mwenyewe nilifaulu mtihani wa namna hiyo, na nilijifunza muda wa pointa miaka mingi baadaye, kwa aibu, kama yeye.

Mwaka 2022, kabla ya sensa, nyumba zetu zilibandikwa namba za anwani za makazi. Mtaani kwetu mlimani, ambako hadi leo tunaelekezana kwa mawe, namba ile ilikuwa faraja. Wageni wakaanza kufika. Lakini namba inaitambulisha nyumba, haimtambulishi mpangaji, na bodaboda anajua hivyo. Kabla hajaanza safari anapiga simu: "Bado unakaa pale pale?" Mwandishi wa programu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ya karibu bure, kwa kuita data() upya kila anapotaka kusoma badala ya kuitunza ya asubuhi. Au atunze nafasi ya mtu kwenye familia badala ya namba ya mlango. "Wa tatu kuzaliwa" anabaki wa tatu hata wakihamia Buswelu, mradi asiingizwe wala kutolewa mtu mbele yake.

Ndivyo tulivyorekebisha. Skrini sasa inapewa vekta yenyewe na namba ya gunia, basi. Nikamwonyesha kijana pia AddressSanitizer, zana ya kukamata makosa ya memori, ambayo imo kwenye Clang tangu 2012 na kwenye GCC tangu 2013. Unajenga programu kwa kuongeza -fsanitize=address, nayo vyumba vikirudishwa inavifungia kwa muda bila kuvipangisha, na yeyote atakayegonga anakamatwa palepale. Tulipiga magunia ya uongo 65 kutoka kwenye faili. Ripoti ikaja na mambo matatu: mstari uliosoma, mstari uliorudisha memori, na mstari ulioipanga mara ya kwanza. Inapunguza kasi ya programu hadi karibu nusu, kwa hiyo haikai sokoni, inakaa kwenye majaribio. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwonyesha mapema. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu wa kumwonyesha nilikuwa mimi.

Pointa moja tumeiacha ishikwe siku nzima. Maktaba ya mizani inataka ipewe anwani mara moja tu, programu inapowaka, kisha inamwaga baiti humo kila gunia linapotulia. Hiyo hatukuipa vekta. Tumeipa safu ya baiti 256 yenye ukubwa usiobadilika, inayozaliwa kabla mizani haijawashwa na kufa baada ya kuzimwa. Haiongezeki, haipunguzwi, haina reserve wala push_back ya kuongeza mtu mwishoni. Baiti zikishafika hapo zinasomwa, zinageuzwa kilo, kilo zinaingia kwenye vekta ya mizigo, na vekta inaruhusiwa kuhama inavyotaka.